Karatasi Themanini na Tatu

3 Machi

Binti wa Fundi, mwanangu,

Nimekuficha jambo kwa miaka kumi na tisa. Zile karatasi za kura, ambazo nilimwambia mama yako kwamba zilichomwa moto siku ileile nyuma ya shule, hazikuchomwa. Ninazo. Zimo ndani ya kopo la majani ya chai, kopo limo kabatini, na kabati liko miguuni pa kitanda ambacho nitafia.

Usishtuke kwa neno hilo. Daktari nilimfundisha mwenyewe kusoma, kwa hiyo hakuthubutu kunidanganya. Kasema ini limekwisha. Nikamuuliza, "Miezi mingapi?" Akasema, "Tuhesabu wiki, Mwalimu." Simu siiwezi tena, masikio yangu yanapokea kelele tu, maneno yanabaki huko huko. Uniandikie kama zamani ulipokuwa chuo cha uuguzi.

Kilichonitoa kimyani ni kikao cha jana. Wezi wamerudi mtaani. Wanakuja kwa pikipiki, wawili wawili, wananyakua mikoba mchana kweupe, na mwezi huu nyumba nne zimevunjwa. Msusi wamemchukulia hadi mashine ya kukaushia nywele. Watu wana haki ya kukasirika, silikatai hilo. Lakini ungewaona! Walinibeba na kiti changu mpaka darasa la tatu, wakaniweka mbele kama pambo, kisha wakaanza kubwata.

Msusi ndiye aliyesema la maana. "Taa za barabarani zimekufa mwaka wa pili. Tuanzie hapo."

"Taa?" akadakia muuza nyama. "Taa zinamsaidia mwizi aione kufuli!"

"Basi tuzime na jua, kaka."

Watu wakacheka. Nikadhani labda safari hii kutakuwa na akili. Kisha akasimama mwanangu wa kumzaa. Unamjua, sasa ndiye mwenyekiti wa kamati ya usalama na anagombea udiwani, na shati lake limenyooshwa mpaka unaogopa kulisogelea. Ahadi ya taa ilikuwa yake. Akasema, "Ndugu zangu, taa zina bajeti yake, tuwe na subira. Mwizi ana jina. Turudishe sanduku."

Wakapiga makofi. Walipiga makofi, mwanangu! Ati kila mtu aandike kwa siri jina la anayemshuku, atumbukize, na atakayetajwa mara nyingi "ashughulikiwe". Hakuna ushahidi, hakuna anayeulizwa amejuaje, na hakuna anayekubali baadaye kwamba mkono ulikuwa wake. Siku imepangwa: Jumamosi tarehe 30, saa nne asubuhi, darasani humo humo.

Kulikuwa na mtu nyuma, sikumwona sura. Akasema, "Na yule wa kibanda cha kufuli tusimsahau. Mtoto wa nyoka ni nyoka."

Mdogo wako huyo. Hakuna aliyemkemea. Nami nilikuwa nimekaa mbele yao wote, na sikumkemea.

Mwalimu


11 Machi

Baba Mwalimu,

Shikamoo. Pole sana kwa ugonjwa. Naitanguliza pole kwa sababu nikianza na mengine sitaikumbuka tena.

Barua yako nimeisomea kwenye ngazi za wodi, maana sikuweza kungoja nifike chumba cha wauguzi. Karatasi zipo! Kwa hiyo miandiko ipo. Nusu ya mtaa umewashika mkono wewe ukiwafundisha kuandika. Unaujua mwandiko wa kila mtu kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe. Nitajie walioandika jina la baba yangu.

Unajua nimeishije? Kila nikija likizo nawaamkia watu huku moyoni nauliza: ni wewe? Muuza nyama ananiongezea kipande cha maini, "mpelekee mama," nami nakipokea nikijiuliza: ni wewe? Yule msusi anayenisuka akinipapasa kichwa kwa huruma, ni wewe? Nimechoka kuchukia mtaa mzima. Nipe watu wachache nichukie kwa haki.

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Niliona walivyomleta baba kibandani kwake, wakaingiza vidole vyake kwenye jiriwa, ile aliyobania funguo akizichonga, wakaikaza. Aliyekaza alikuwa akihesabu kwa sauti kila anapozungusha mpini, na wengine wanamwitikia. Wiki sita mahabusu, akatoka bila kesi, na vidole visivyoweza kushika kijiko. Mwaka uliofuata tukamzika, na wewe ndiye uliyesoma wasifu wake. Ulilia mpaka mama akaacha kulia ili akubembeleze wewe. Sijasahau.

Jiriwa ile mdogo wangu anaifanyia kazi hadi leo. Wateja wananunua kufuli kwake, kisha wanakwenda dukani kununua nyingine ya kufungia juu yake. Mama anamsihi aondoke kabla ya tarehe 30. Yeye anasema akikimbia atakuwa amejipigia kura mwenyewe.

Kwa hiyo nakuomba, kwa kupiga magoti. Kama sanduku halizuiliki, hesabu wewe. Wewe ndiye mtu pekee katika mtaa ule ambaye mama anasema jina lake bila kutema mate. Ukihesabu wewe, mdogo wangu atapata haki yake hata kama ni chungu. Usimwachie mwingine.

Mwanao,
Binti wa Fundi


15 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naandika kwa kuwa simu hupokei. Kamati nzima inakuombea afya.

Baba, wananchi wamekutaja wewe kwa kauli moja uhesabu kura Jumamosi ile. Ukihesabu wewe hakuna atakayefungua mdomo. Kazi yenyewe haizidi nusu saa. Tutakuletea gari mpaka mlangoni, kiti, mwavuli, na daktari wako akitaka aje. Wapiga picha watakuwepo, kwa hiyo nitatuma kanzu au suti, uchague.

Najua una moyo mwepesi kuhusu yale ya zamani. Yaliyopita si ndwele. Mtaa ulitulia miaka mingi baada ya siku ile, na hiyo ilikuwa busara yako, ambayo mimi naishukuru kuliko mtu yeyote. Nimekuwa mtu kwa sababu yako. Sasa nisaidie nimalizie.

Kuhusu yule kijana wa kufuli, mimi binafsi sina neno naye. Wananchi wataamua.

Usiniangushe.

Mwanao,
Mwenyekiti, Kamati ya Usalama


17 Machi

Mwenyekiti,

Nakurudishia barua yako. Makosa ya tahajia matatu nimeyazungushia wino mwekundu. Kosa la nne ni kubwa na wino hautoshi.

Sitahesabu, na sababu unaijua. Ulipokuwa na miaka ishirini na miwili nilikuokoa, na tangu siku hiyo sijaweza kula nawe meza moja bila kutazama vidole vyako. Viko kumi, vizima vyote, unavitumia kushika mikono ya wapiga kura.

Suti usilete. Ninayo ya kuzikiwa.

Baba yako


19 Machi

Binti wa Fundi,

Sitahesabu. Usiniulize kwa nini. Mwambie mdogo wako afunge kibanda aje kukaa kwako mpaka uchaguzi upite. Kukimbia si aibu mbele ya watu wasio na aibu.

Unataka miandiko. Ngoja nikuonyeshe unachokitamani. Karatasi hizo nilizisoma zote. Mtu mmoja ameandika jina la mke mwenzake, na chini yake akaongeza, "anaiba hata waume." Mwingine ameandika fundi cherehani kwa sababu, amesema mwenyewe, alimharibia gauni la harusi. Yuko aliyemwandika muuza nyama: "anatuibia kwa mizani." Mzee mmoja mcha Mungu amemwandika kaka yake wa tumbo moja, ambaye walikuwa wanagombania ukuta wa choo. Kuna karatasi kumi na nne tupu. Hao ndio watu niliojivunia kuwafundisha. Karatasi moja imeandikwa, "Mimi sijui, naombeni msinilazimishe," na nikiukumbuka mwandiko ule hadi leo natamani ungekuwa wangu.

Ndiyo hayo. Uvundo mtupu, kila mtu amekuja kumwaga taka za nyumbani kwake kisha akanawa mikono. Ukizisoma utachafuka, na baba yako hatafufuka. Niache niondoke nazo.

Mwalimu


23 Machi

Mwalimu,

Leo sina shikamoo.

Ulianza wewe. Hakuna aliyekuuliza kuhusu kopo, ukanifungulia mfuniko, nikasikia harufu, sasa unanifunga tena na kuniambia ni kwa faida yangu. Kumbe nawe ni walewale, tofauti ni kwamba wewe unaandika vizuri.

Unasema akimbie. Baba hakukimbia, na wewe hukumwambia akimbie. Mwenzako, rafiki yako wa kucheza bao kila Jumapili! Mtu ambaye watu wangemsikiliza amejifungia ndani, na anayebaki mbele ya darasa ni mwanao na shati lake. Unaogopa nini? Daktari keshakupa wiki. Wakufanye nini ambacho ini halijakufanya?

Nimeomba ruhusa kazini. Nitafika Ijumaa tarehe 29 jioni kwa basi. Jumamosi nitakaa mstari wa kwanza, mama kulia kwangu, mdogo wangu kushoto, na atakayelitaja jina lake alitaje akinitazama.

Jambo moja tu nataka kutoka kwako, na halihitaji nguvu. Mama ameitunza nakala ya kumbukumbu za kikao kile, ulizoziandika wewe mwenyewe ukiwa katibu. Nimeisoma tena aliponitumia picha yake. Idadi ya waliohudhuria umeiandika. Madawati yaliyovunjika umeyaandika. Saa ya kufunga kikao umeiandika mpaka dakika. Halafu hapa: "Jina lililopata kura nyingi ni la Fundi wa kufuli." Nyingi. Umefundisha hesabu miaka thelathini na tano, ulikuwa unatuchapa tukisema "nyingi" badala ya namba.

Baba alipata kura ngapi?

Binti wa Fundi


28 Machi

Mwenyekiti,

Nimebadili nia. Leta gari kesho kutwa saa tatu na nusu. Nitakuja kuhesabu.

Nitaanza na za zamani.

Baba yako


29 Machi

Binti wa Fundi, mwanangu, kama bado unaruhusu neno hilo,

Barua hii utapewa na mdogo wako ukishuka kwenye basi, pamoja na kopo. Nakala nyingine niliyoitia sahihi anayo daktari. Kesho wakinibeba nikafika nikiwa hai, nitasema mwenyewe mbele ya sanduku lao. Nisipofika, soma wewe. Soma kwa sauti ya wodini, ile ya kumwamuru mgonjwa mkaidi.

Asubuhi ya leo nilimwita mdogo wako anifungulie kabati. Ufunguo niliutupa chooni miaka mingi iliyopita, siku niliyojidanganya kwamba kutupa ufunguo ni sawa na kutupa kilichomo. Aliinama, akapapasa kufuli, akatabasamu. "Hii ya baba," akasema. "Angalia alivyoizungushia ukingo." Akaifungua bila kuiumiza, kwa dakika mbili, na hakuuliza ndani mna nini. Nilimtazama kisogo. Ni kisogo kilekile.

Sasa nikueleze.

Utakumbuka nyuma ya mlango wa chumba changu palikuwa na ubao wenye misumari. Aliyesafiri aliniachia ufunguo wa nyumba yake. "Kwa Mwalimu ni kama benki," walikuwa wanasema, nami nilipenda kusikia hivyo. Mwaka ule nyumba tano ziliibiwa na hakuna mlango hata mmoja uliovunjwa. Watu wakasema mwizi ni mtu ajuaye kufuli. Mimi niliona kwamba nyumba zote tano zilikuwa na msumari kwenye ubao wangu, na mwanangu alikuwa na viatu vipya. Niliona, nikaacha kuona.

Asubuhi ya sanduku baba yako alikuja nyumbani kunibadilishia kitasa. Alikuwa amepiga magoti mlangoni, bisibisi mdomoni. Akaitoa, akasema, "Mwalimu, zile kufuli tano nimezikagua. Hazikuchokonolewa. Kufuli ikichokonolewa hubaki na mikwaruzo ndani, hata mwizi awe fundi kunishinda mimi. Hizi zilifunguliwa kwa funguo zake."

Kisha akautazama ubao wa misumari. Akanitazama mimi. Akarudi kwenye kitasa.

"Nikutilie na komeo?" akaniuliza.

Alinipa nafasi niseme mwenyewe, ndivyo alivyokuwa. Nikamwambia tuongozane kikaoni. Akasema, "Tangulia tu, nimalize mlango wako. Mimi sina mtu wa kumwandika."

Walipomaliza kutumbukiza karatasi, mwenyekiti wa wakati ule alisema, "Mwalimu ahesabu peke yake. Nani atamsahihisha msahihishaji?" Wakacheka, wakanifungia katika ofisi ya mwalimu mkuu na sanduku. Karatasi themanini na tatu. Takataka ulizosoma kwenye barua yangu ya mwisho ni za kweli. Lakini nilikuficha zile zilizokuwa zinafanana. Thelathini na nne zilikuwa na jina moja, na jina hilo nililichagua mimi, mtoto alipozaliwa.

Walijua. Mtaa ulijua kabla yangu, au pamoja nami. Herufi zimesimama wima kama nilivyowafundisha, na kila moja inamtaja mwanangu.

Nilitoka, nikasimama mbele ya darasa. Nilihitaji jina ambalo lingeaminika bila kuulizwa, la mtu asiyekuwemo ndani ya chumba, na mdomo wa mtu huyo ulikuwa ndio pekee ulioweza kuelezea zile kufuli. Vyote vitatu nilivikuta kwa mtu mmoja. Sikuhangaika kutafuta. Nikasema, "Fundi wa kufuli."

Halafu nikangoja. Nakuapia, nilingoja mtu mmoja aseme, "Hapana Mwalimu, rudia kuhesabu." Mmoja tu, ningeanguka hapo hapo. Watu thelathini na wanne walikuwa mbele yangu, na kila mmoja alijua mkono wake umeandika nini. Nadhani kila mmoja alidhani yuko peke yake, kwamba wenzake wameona asichokiona. Muuza nyama ndiye aliyevunja kimya. "Nilijua tu!" akapiga kelele. "Mtu anayefungua kila mlango!" Karatasi yake utaikuta koponi, ina alama ya kidole cha mafuta. Amemwandika mwanangu.

Wakatoka mbio. Hawakulazimika kumtafuta mbali. Walimkuta mlangoni kwangu, amepiga magoti, anakaza skrubu ya mwisho. Kitasa kile ndicho ninachokitumia hadi leo. Hakijawahi kukwama.

Mwanangu alikuwa miongoni mwao. Uliandika kwamba aliyekaza jiriwa alikuwa akihesabu kwa sauti. Ulikuwa mtoto, hukumtazama usoni, na namshukuru Mungu kwa hilo. Mimi sikuwepo, nilibaki darasani naandika kumbukumbu. Lakini kibanda hakiko mbali na shule, sauti ilinifikia, na niliijua, kwa sababu kuhesabu nilimfundisha mimi.

Miaka kumi na tisa nimejiambia kwamba natunza karatasi hizo ziwe ushahidi. Uongo. Nilizitunza kwa sababu kuzichoma kungenilazimu kuzishika. Nililia kaburini, ukaniona, ukadhani ni upendo. Upendo ulikuwepo, sikatai, na ndio unaonitia kinyaa zaidi, kwamba niliweza kumpenda na bado nikafanya vile, nikarudi nyumbani nikafunga mlango kwa kitasa chake. Mama yako alinibembeleza. Kila alipotaja jina langu bila kutema mate, nilitamani ateme.

Sikuombi msamaha. Ningekuomba, ungejiona unadaiwa, na huna unachodaiwa na mimi. Nakuomba tu ukae mstari wa kwanza kama ulivyosema, na kopo ulipakate.

Ulitaka watu wachache wa kuchukia kwa haki. Ulitaka kujua ni wangapi waliomwandika baba yako, na kwa nini mwalimu wa hesabu aliandika "nyingi" akaacha namba. Fungua kopo, uzihesabu mwenyewe, usiniamini tena mimi. Hesabu mara mbili. Kati ya karatasi themanini na tatu, jina la baba yako halimo katika hata moja.

Mwalimu